Kasoro ya Saba ya Gari la Mgeni

Asubuhi ya leo nimeletewa picha kwa simu. Gari jekundu la Kiitaliano, la milango miwili, la mashindano ya zamani, limesimama juu ya sakafu nyeupe katika nchi ya mbali. Mnunuzi wake, mtu mwenye adabu, ameandika chini kwamba limerudishwa katika hali yake ya asili. Picha ni kumi na mbili. Nilizitazama moja baada ya moja, kwa utaratibu niliozoea kutazamia miswada. Ya tisa niliikuza kwa vidole.

Wewe uliyewahi kukaa Bunia unaijua Saio, mtaa wetu, unajua vumbi lake la kiangazi lilivyo jekundu. Basi fikiria gari la rangi hiyohiyo, limefichwa katika banda la mbao nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, aliyetulea mimi na mdogo wangu wa kike. Aliyelileta alikuwa fundi wa Kiitaliano, mtengenezaji wa mashine za machimbo ya dhahabu huko Nizi. Babu alikuwa msaidizi wake. Siku ya kuondoka fundi alimkabidhi babu funguo, akasema atarudi. Hakurudi. Miaka mingi baadaye ilikuja barua ya binti yake: baba amefariki, gari ni lenu. Babu naye alikuwa amekwisha kufa. Nyanya alisomewa barua hiyo, akaikunja, na akaendelea kuliita gari "mugeni" mpaka alipoingia kaburini.

Mgeni alitunzwa. Nyanya alikuwa mtu wa ng'ombe, mzaliwa wa Boga, na ngozi aliijua kwa namna moja tu: hupakwa samli isije ikapasuka. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi na mdogo wangu tulichovya vitambaa katika kibuyu, tukaingia garini, tukapaka viti. Joto la mchana lilipopenya mbao, gari zima lilinuka maziwa yaliyolala. Kuku walitaga chini ya usukani, na nyanya alipookota mayai alituonyesha kwa fahari: "Muone, mugeni analipa chakula yake."

Kisha vita vikaingia mjini. Nyanya alipanga kuni mbele ya banda hata mlango usionekane, nasi tukaishi ndani ya gari, watatu, tukila viazi vitamu vilivyopoa. Nje walisikika watu wakibandua mabati ya majirani. Mlio wa misumari ikitoka kwenye mbao ninaujua kuliko wimbo wowote. Shule ilikuwa imefungwa. Mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kuandika, aliokota msumari, akafungua kifuniko cha kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, akachora upande wa ndani, herufi moja moja:

MIYE IKO APA

Nyanya akanong'ona kwa hasira, "Weye, unaharibisha kitu ya mugeni?"

"Ninamuandikia mwenyewe," mdogo wangu akajibu. "Akirudi, atajua."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ugonjwa huu wa usomi ulikuwa umekwisha kunipata. Nikamwambia amekosea, kitabuni neno la mwisho huandikwa kwa H.

"Ulisoma?" akaniuliza.

"Nilisoma."

"Ulielewa?"

"Nilielewa."

"Sasa H iko ya nini, Misie Profesere?"

Nyanya alicheka, kiganja mdomoni. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka humo ndani. Mimi sikukubali kushindwa. Nilimsumbua mpaka akaushika tena msumari, akaibana H nyembamba kabla ya A, imeinama, kama mtu aliyechelewa kanisani anayejipenyeza kwenye benchi lililojaa.

Siku ya tatu homa ikamshika mdogo wangu. Kituo cha afya kilikuwa karibu, pengine hatua mia mbili, nasi hatukuweza kuzivuka. Nyanya alimpaka samli kifuani na miguuni. Hakuwa na kitu kingine. Mtoto alikufa kwenye kiti cha nyuma, kabla ya adhuhuri. Tulipoweza kutoka tulimzika kando ya njia, na njia ile imekwisha kupanuliwa. Picha yake hatukuwahi kuwa nayo. Kilichobaki ni kifuniko kile. Kila niliporudi nyumbani kutoka chuoni, kabla ya kula, niliingia bandani nikapitisha kidole juu ya herufi zake.

Mwaka jana shangazi alikuja kutoka Djugu na watoto sita. Walikuwa wamekimbia mapigano na nguo za mwilini tu. Walilala chini ya turubai uani, mvua ikiwafikia. Hakunikaripia. Asubuhi moja, akikamua nguo zilizolowa, aliniuliza tu: "Mwana yangu, hii mutuka iko na nyumba. Batoto banalala inje. Ni sawa?"

Haikuwa sawa. Nililiandikisha gari katika mnada wa mtandaoni. Mtu alikuja kutoka Kampala kulipiga picha, akastaajabu jinsi ngozi ilivyohifadhika. Fomu ilitaka kasoro zote ziorodheshwe, nami ni mtu wa orodha. Niliandika kutu ya chini, kioo kilichopasuka, harufu ya maziwa, na nyingine. Ya saba ilikuwa hii: mikwaruzo ndani ya kifuniko cha kisanduku cha mbele. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyoingia mnadani.

Nilikuwa nimechukua bisibisi ili nikibakize kifuniko. Lakini masharti yalisema gari lililopungukiwa na kipande chochote cha asili halitapokelewa, na shangazi alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, akinitazama. Nikaiweka chini. Baadaye nilimwandikia aliyeshinda mnada, kwa Kifaransa nilichokipima neno kwa neno, nikimwomba asiiguse mikwaruzo ile, na kumweleza ni ya nani. Alijibu kwamba ameguswa sana.

Picha ya tisa ni ya kifuniko. Kimefunguliwa makusudi, nikione. Ni cheusi, laini, hakina alama hata moja. Labda mafundi wake hawakuambiwa. Labda waliambiwa, wakadhani wananifanyia hisani.

Nyumba ya shangazi imesimama palipokuwa banda, na watoto hawalowi tena. Kuku walirudi kutaga mahali pale kwa muda, kisha wakaacha. Harufu ya samli iliondoka ardhini na mvua za kwanza. Herufi za mdogo wangu nilizipiga picha kabla lori halijaondoka, na picha ninayo. Lakini kidole hakisomi picha.

Kwa saa nzima nilimlaumu fundi nisiyemjua na msasa wake. Kisha nikaikumbuka ile H. Mtoto alikuwa ameandika kama alivyosema, nami nikawa wa kwanza kumsafisha.

Mchana nilikuwa na madaftari ya wanafunzi wangu, kalamu nyekundu mkononi. Katika ukurasa wa tatu mmoja wao ameandika *apa*. Nilisoma. Nilielewa. Nikafunua ukurasa uliofuata.