Kitambaa Juu ya Modemu

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta, hapa Arusha, mzee mmoja msomi mwenye tai akaingia na mkewe.

"Kompyuta ilijiapdeti yenyewe jana, intaneti ikakata," alisema kwa sauti. "Mfumo wote umeharibika!"

Mkewe alitazama saa. Jioni ile binti yao aliyeko Ulaya angewaonyesha mjukuu wao wa kwanza kwa simu ya video.

"Taa za modemu zinawaka, mzee?" fundi aliuliza.

Mzee akamgeukia mkewe.

"Zitawakaje?" mkewe alisema. " Jana jumuiya walipokuja kusali ulisema lile dude linaaibisha sebule. Nikalichomoa, nikalifunika kitambaa."

Mzee alirekebisha tai. "Hata hivyo, hizi apdeti si za kuamini."

"Sawa, baba," alisema mkewe. " Twende tukamwone mtoto."

Sisi wasomi tunapenda matatizo yanayolingana na tai zetu. Madogo tunayafunika kitambaa.