Mihogo ya Mutaa Muzima Katika Kijito Kimoja

Juzi redio ilisema mito ya dunia nzima inaishiwa hewa, samaki wanakosa pumzi ndani ya maji. Nilicheka mpaka binti yangu akauliza kama niko na homa. Bon, mimi shule niliachia darasa la pili, lakini samaki wa kukosa pumzi nilishawaona, hapa hapa Kisangani, wakati wa uasi.

Mihogo michungu sisi tulikuwa tunailoweka mutoni mpaka ilainike. Waasi walipokamata muji, kila mutu akaogopa kwenda muto mukubwa. Kule walikuwa wanapiga risasi hata magugu yanayoelea. Donc, mutaa muzima tukaloweka katika kijito kimoja nyuma ya nyumba ya tantine, dada ya papa yangu. Kijito chenyewe mbuzi anakiruka. Maji yakawa meusi, yakanuka (harufu ile hata leo inanipa njaa), na samaki wakapanda juu, midomo wazi, kama waimbaji wa misa.

Kamanda wa waasi akafika na vijana wake.

"Mama, kijito iko kwako. Umetia sumu. Twende."

Waliopelekwa na watu hao hatukuwa tunawaona tena. Lakini dawa yao ya kuzuia risasi ilikuwa na mwiko: mwanamuke akimugusa mupiganaji, dawa imekufa.

Tantine akanyoosha mikono. "Haya, mwanangu. Nifunge."

Kamanda akarudi nyuma. "Simama hapo hapo."

"Nisimame namna gani, na umesema twende?"

Akasogea. Wakarudi. Akasogea tena, wao kinyumenyume, mpaka kamanda akatumbukia katika mihogo yetu. Alipoinuka, ganda la muhogo liko juu ya kichwa. Hakuna aliyecheka, mutu wa bunduki hachekwi. Kicheko kile nilikitunza, ndicho kilichotoka juzi.

Tantine akaokota samaki. "Sumu ndiyo hii?" Akamuchoma mbele yao, akala, akalamba vidole. Hakufa. Vijana wakamezea mate, alors wakaokota wao pia.

"Si sumu," kamanda akasema, mifupa mudomoni. "Lakini toeni mihogo. Inanuka."

Tukaitoa ingali migumu. Mvua ikanyesha, maji yakatakata, samaki wakashuka chini wakapotea.

Baada ya siku chache kamanda akarudi, akasimama ngambo ya kijito, mbali na mikono ya tantine, kofia kifuani.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mihogo mutaloweka tena lini?"