Maji Niliyoyasubiri Yatulie

Mama yangu alitaka kuona maji yakianguka kabla macho yake hayajafunga. Tangu niolewe hakuwahi kuniomba kitu kingine, na nilikusudia kukifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa kukusudia hivyo nikaharibu.

Habari za maji hayo alituletea mchuuzi wa tumbaku kutoka milima ya Kondoa, mtu wa maneno mengi, aliyepita kwetu Mkonze kila mwaka na punda wake wawili. Alisema ng'ambo ya tambarare, mwendo wa asubuhi moja, kuna kilima chenye jabali refu, na mvua kubwa ikinyesha maji hushuka toka juu ya jabali hilo hadi chini bila kugusa kitu. Mama alimcheka. Sisi Wagogo maji tuliyajua yakiwa chini, mchangani au mtungini. Lakini mchuuzi alipoondoka mama akaniuliza kama huyo mtu alikuwa mwongo. Nikasema sijui. Akasema angependa kujua.

Macho yake yalikuwa na ugonjwa ule uliowamaliza wengi kwetu. Kope ziligeukia ndani, zikawa zinakwaruza mboni kila alipopepesa. Mara kwa mara nilimlaza kichwa mapajani mwangu mlangoni, penye mwanga, nikamng'oa kope moja moja kwa kibano cha chuma alichonifulia mhunzi. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa ananishika goti tu, na kadiri lilivyouma ndivyo alivyokaza mkono. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia bado lilitofautisha ng'ombe na ndama.

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, wakati reli inasogea kuja Dodoma. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kubeba mawe ya tuta. Hata angekuwepo asingetusindikiza, maana kwetu mwanamume haandamani njia moja na mama mkwe wake. Kwa hiyo safari ilikuwa ya wawili, mimi na mama, na mipango yote ilikuwa yangu. Mimi nikishika jambo siambiliki. Nilipanga tutoke jogoo wa kwanza, kwa sababu jua lilimuumiza jicho. Nilipanga tuzunguke mbali na kambi ya reli, maana askari waliweza kumkamata yeyote na kumtwika mzigo. Nilimshonea viatu vipya vya ngozi ya ng'ombe. Nilitenga kibuyu cha maziwa ya mgando, karanga za kukaanga, na kaniki ya kumfunika uso wakati wa kurudi. Watoto wangu wangebaki kwa wifi yangu. Ilibaki mvua tu.

Mvua ikaja, nayo ilikuwa kubwa. Usiku kucha tulisikia korongo likivuma. Asubuhi nilimkuta mama amekwisha kuvaa viatu.

"Twende leo," akasema.

Nikamwambia bado. Nami nilikuwa na sababu, na kila mwanamke wa kwetu angeniunga mkono. Sisi tunachimba maji kwenye mchanga wa korongo. Ukifukua shimo, maji ya kwanza ni tope. Unayachota unayamwaga, unakaa, unasubiri. Mwenye pupa anarudi nyumbani na matope, na mwenye subira anarudi na maji safi. Mimi nilisifiwa kwa hilo. Mama mkwe wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba maji ya mtungi wangu unaona mpaka chini. Basi nikaona ni aibu kumpeleka mama, na jicho lake moja, akatazame tope jekundu linaporomoka. Nilitaka ayaone meupe. Nikamwambia tuyaache siku nne yatulie.

Mama alinitazama kwa lile jicho, akainama akavua viatu.

Siku ya pili nilikwenda peke yangu kuikagua njia. Nilifika hadi kwenye mwinuko ambapo kilima kinaonekana, na pale nikasikia sauti. Sikuwahi kuisikia kabla, lakini niliijua. Nilirudi nikikimbia kumwambia kwamba mchuuzi si mwongo, maji yapo, yananguruma. Alinishika mkono akauliza kama tungeweza kwenda kesho yake. Nikasema zimebaki siku mbili tu, mama, vumilia. Nikiyakumbuka maneno hayo najichukia. Mimi, niliyekuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, nilimwambia mwenye jicho moja avumilie.

Mvua haikurudi. Siku ya tano tulitoka gizani kama nilivyopanga, na kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Hatukukutana na askari. Viatu havikumbana. Alitembea ameshika ncha ya fimbo, mimi nimeshika ncha nyingine, na alikuwa akiongea njia nzima kuliko nilivyopata kumsikia. Tulipofika kwenye mwinuko akasimama kusikiliza. Nikamwambia upepo unavuma kwenda upande mwingine. Upepo haukuwepo.

Jabali lilikuwa kavu. Palikuwa na alama nyeusi ndefu toka juu hadi chini, na chini yake kidimbwi kidogo ambacho nyuki walikuwa wanakunywa. Maji yake, nataka mjue, yalikuwa safi kabisa. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, kama mtoto aliyenyang'anywa. Mama akauliza yalikuwa yanashukia wapi. Nikamwonyesha. Alikwenda akaweka kiganja juu ya ile alama, akakipandisha hadi mkono ulipoishia, akatazama juu muda mrefu. Kisha akasema tule karanga.

Njia ya kurudi nilingoja anilaumu. Hakunilaumu.

Mwaka uliofuata mvua zilichelewa, na zilipokuja jicho la kulia lilikuwa limefunga. Mchuuzi wa tumbaku akapita tena. Akamwamkia, "Mbukwa, mama," akamuuliza kama alipata kuyaona maji yake. Mimi nilikuwa natwanga uwele pembeni, nikasimamisha mchi.

"Niliyaona," mama akasema. "Huyu binti yangu alinipeleka. Yalikuwa meupe."

Akaendelea kumsimulia yalivyotoka juu, yalivyotawanyika katikati, baridi yake usoni. Mchuuzi alikuwa anaitikia kwa furaha, maana ndivyo yalivyo. Sijui mama aliyapata wapi. Tangu siku hiyo aliwasimulia wajukuu, aliwasimulia majirani, na kila mara alianza na mimi, kwamba nilimpeleka. Nilipokuwa naye peke yangu nilijaribu mara mbili kuomba radhi. Mara zote mbili aliniambia nikamtazamie mbuzi.

Alipofariki, nyumba ilijaa. Jirani yetu mmoja, mjane ambaye watoto wake walimtelekeza, alinishika mikono yote miwili mbele ya wanawake. Akasema yeye hatapata mtoto wa kumwongoza kwa fimbo mpaka kwenye kitu anachokitamani, lakini mama yangu alimpata, na amekwenda akiwa ameyaona. Wanawake wakaitikia. Akaniuliza mama alisema nini siku ile, maji yalipokuwa mbele yake.

Wote wakanigeukia. Nikasema alifurahi sana.