Baiskeli Laini ya Don Fermín

Don Fermín Calisaya alikuwa mtu wa nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka ishirini na miwili: kuteremka na watalii kwa baiskeli kutoka La Cumbre, kwenye baridi inayokata masikio, mpaka Yolosa kwenye migomba na mbu, yeye akiwa wa mwisho. Wa mbele hupigwa picha. Wa nyuma huokota walioanguka, waliopasukiwa na tairi, na wale walioingiwa na woga katikati ya kona wakaanza kumlilia mama. Fermín aliwaokota wote, na hakuwahi kumwacha mtu njiani. Hilo hata wasiompenda walilikubali.

Wasiompenda walikuwepo, maana alikuwa na mdomo. Waongoza watalii wa La Paz huzigawa baiskeli zao za milimani mafungu mawili. Kuna ngumu, yenye shokomzoba mbele tu, nyuma chuma kitupu. Na kuna laini, yenye shokomzoba mbele na nyuma, inayoyameza mawe kabla hayajamfikia mpandaji. Fermín alipanda ngumu, na hakuridhika kuipanda tu, aliihubiri. Ngumu ni nyepesi, alisema, unaitupa begani ukashuka nayo gengeni kumfuata aliyetumbukia. Ngumu haina viungo vingi vya kuingia matope. Tena ngumu haikudanganyi: jiwe likiwa jiwe, unaambiwa ni jiwe.

"Hiyo yako siyo baiskeli, mwanangu," alikuwa akimwambia Wilmer Apaza, mwongozaji wa mbele, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye miwani ya bei. "Hilo ni sofa. Bado kuwekewa vitambaa tu."

"Sofa langu linanifikisha chini, Don Fermín, wewe hujamaliza hata kutafuna majani yako ya koka."

"Kufika, kila kitu kinafika. Hata gunia linafika."

Watu walicheka. Mabishano hayo yalirudiwa karibu kila asubuhi pale La Cumbre, baada ya kumwaga tone la pombe kali kwenye tairi, tone chini kwa Pachamama, mama ardhi, na tone la tatu kinywani. Watalii walidhani nayo ni sehemu ya ibada.

Ambalo hawakulijua ni habari ya mgongo. Mwezi wa kumi na moja Fermín alikwenda kwa daktari, akidai amekuja kupima macho na kwamba amekosea mlango. Daktari hakuwa mjinga. Alimpiga picha, akaitundika kwenye mwanga, akamwonyesha pingili mbili za kiunoni zinavyosagana.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Naendesha baiskeli."

"Barabarani?"

"Ukipenda kuiita barabara."

Daktari akamweleza bila kumung'unya maneno. Akiendelea kutikiswa vile, mwaka mmoja, kisha asahau baiskeli, na ngazi za mtaani kwao atapandishwa kwa kubebwa. Atafute chombo kisichomtikisa au aache kazi. Fermín aliikunja ile picha akaisukumia nyuma ya kabati nyumbani. Kazi nyingine hakuijua, na hakuitaka. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mkewe, Nieves, aliuza uji wa moto wa mahindi meusi na maandazi ya jibini pale Villa Fátima, zinakoanzia gari za kwenda mabonde ya Yungas. Alfajiri, kabla hawajaachana, alimfunga mumewe kamba za viatu. Ilikuwa desturi ya nyumba yao. Ilianza miaka miwili nyuma, Fermín aliposema kwamba siku moja Nieves alimfunga kamba na siku hiyo hakuna mtalii hata mmoja aliyeanguka, basi ni bahati, na bahati haichezewi. Nieves alipiga goti, akafunga, akabeba sufuria zake akaenda.

Februari kampuni ilileta baiskeli mpya, ngumu mbili na laini nne. Doña Graciela, mwenye kampuni, akatangaza kwamba kila mwongozaji achague moja, aitunze mwenyewe, aipande mpaka iishe. Mambo ya kupanda hii leo na ile kesho hakuyataka, kwa sababu baiskeli ya wote hakuna anayeipaka mafuta. Majibu ayapate Alhamisi, Kanivali ikishapita. Wilmer hakungoja. Alichukua karatasi, akaandika jina la Fermín kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye ngumu nyekundu.

"Yako hiyo, Don Fermín. Tumekuokolea muda wa kufikiri."

"Ahsante," Fermín akasema.

Jumamosi alichelewa kuondoka makusudi. Wenzake walipokwisha kutawanyika, akaitoa laini moja ya kijani.

"Naipeleka nyumbani nikaze skrubu," alimwambia Doña Graciela. "Hawa vijana wanapanda tu, kukaza hawajui."

Jumapili mapema, mtaa bado umelala na ulevi wa Kanivali, aliipeleka juu ya ngazi za mtaani kwao, zile ndefu zinazoshuka hadi kituo cha gari, akaziteremka zote akiwa juu yake. Chini akashika breki, akasimama, akangoja maumivu. Alijua yanakoanzia na yanakopita, kiunoni hadi nyuma ya goti la kushoto. Akangoja tena. Hayakuja. Alifurahi, na furaha hiyo ikamuudhi sana. Kisha akaibeba kuirudisha juu, akaona ilivyo nzito, akaitukana ngazi kwa ngazi, na hapo akajisikia nafuu kidogo.

Akaamua. Alhamisi angeirudisha, achukue nyekundu yenye jina lake. Mwaka mmoja ni mwaka, si siku. Kati ya mgongo wake na kicheko cha Wilmer, alichagua kuuchezea mgongo. Ulikuwa ujinga wa waziwazi, lakini ni ujinga wa mtu aliyesema neno lilelile miaka ishirini na miwili mbele za watu.

Ikaja Jumanne ya challa. Siku hiyo hakuna kitu kinacholisha nyumba kinachoachwa kikavu. Kuta, milango, jiko, gari, meza ya biashara, vyote humwagiwa pombe, kila kitu kikafungwa matepe ya karatasi na kurushiwa maua. Na kitu kikishafanyiwa challa kwa jina la mtu, ni chake. Kukirudisha kilikotoka ni kumpokonya Pachamama tonge akiwa bado anatafuna, na Fermín, pamoja na mdomo wake wote, hakuwahi kuthubutu jambo hilo.

Alikuwa ametoka kununua bia. Njiani akakutana na Wilmer, aliyekuwa akija kuwasalimu kila mwaka siku kama hiyo, wakapanda pamoja wakitaniana. Wakaingia uani.

Baiskeli ya kijani ilikuwa imesimamishwa katikati. Ilikuwa imeviringwa matepe ya njano na ya pinki kutoka usukani mpaka gurudumu la nyuma, petali zimejaa kwenye tandiko, na puto limefungwa kwenye breki. Nieves alikuwa akiizunguka na chupa mkononi, akinyunyiza na kusema, "Ya Fermín Calisaya hii. Imchukue, imrudishe."

"Nieves! We mwanamke, umefanya nini? Hiyo siyo yangu! Ni ya ofisi, nimeileta kukaza skrubu!"

"Skrubu," alisema Nieves, akanyunyiza gurudumu la mbele.

Wilmer alishaangua kicheko, kashika ukuta asianguke. "Don Fermín! Sofa limeingia uani! Na vitambaa limeshawekewa!"

Fermín alihisi uso unamwaka. Akacheka naye kwa nguvu, kicheko kibaya. "Amekosea, bwana. Huyu baiskeli hazijui, kwake yeye zote ni magurudumu mawili. Haya, Nieves, mwambie umekosea."

Nieves akaiweka chupa chini.

"Sijakosea. Mnapita mbele ya sufuria yangu kila siku, ngumu na laini nazijua kuliko hata huyo Wilmer. Na skrubu umekaza Jumamosi, Jumapili ukaenda kushuka nayo ngazi. Nilikuwa dirishani." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Anayekufunga kamba za viatu kila alfajiri ni nani, Fermín? Miaka miwili umedhani naamini ni bahati?"

Kule mtaani fataki zilikuwa zikilia, kwa majirani watu wanaimba. Fermín alitazama chini. Wilmer naye akatazama chini, akaviona viatu vya mzee, kamba zimefungwa mafundo mawili safi ya mwanamke mwenye haraka zake, na kicheko kikamwishia.

Angempa pole, Fermín angemtimua. Wilmer alichukua bia moja kwenye mfuko, akaifungua kwa meno, akachutama nyuma ya baiskeli, akaimimina taratibu juu ya shokomzoba mpaka povu likashuka ardhini.

"Hapa mlipasahau, Doña Nieves," alisema.

Alhamisi alfajiri Fermín aliketi ukingoni mwa kitanda. Baiskeli ya kijani ilikuwa mlangoni, vipande vya karatasi bado vimenasa kwenye grisi ya cheni. Nieves aliweka sufuria chini, akapiga goti, akavuta kamba za kiatu cha kushoto.

"Leo husemi ni bahati?"

"Leo ni mgongo," alisema Fermín. "Kaza."