Fraktali Ukutani kwa Mama

Mama aliletwa kwangu mjini Mugumu kutoka kijijini Kisaka kutibiwa mgongo, wakati mimi mwenyewe nimeshachoka na kila kitu. Nina duka la steshenari. Kutwa nachapa barua za watu, natoa kopi za vyeti, napiga picha za pasipoti saizi. Wateja wakipungua, nafungua programu yangu ya fraktali. Hiyo ni michoro ya hesabu: unaipa kompyuta kanuni, inachora umbo, na ubavuni mwa umbo hilo linachipuka dogo linalofanana nalo, na kwenye hilo jingine. Ukuze picha utakavyo, mwisho huuoni. Kazi yangu ni kubadilisha tarakimu na rangi, kisha kungoja. Kompyuta yangu ni ya zamani; picha moja kubwa inakula siku nzima, na umeme ukikatika alasiri naanza upya.

Meneja wa loji moja ya watalii alikuwa amenidokeza kwamba anatafuta picha za vyumbani. Nilihangaika na moja, ya kijani na wekundu wa udongo, mpaka ikatimia. Nikaichapa kwenye karatasi ngumu, nikampelekea. Aliishika kwa uangalifu, akauliza upande wa juu ni upi. Kisha akasema wageni wake wanapenda tembo na simba. Nikiwa nazo hizo nimletee. Nilimshukuru nikaondoka. Hata nguvu za kukasirika sikuwa nazo.

Nyumbani niliiacha picha kwenye kiti chumbani kwa mama, nikaenda kusonga ugali. Niliporudi alikuwa ameivuta hadi kitandani. Aliniuliza kwa lugha yetu ni kitu gani hicho. Nikamjibu si kitu, ni hesabu tu. Kidole chake kilikuwa kinafuata tawi moja, kinaingia ndani, kinaingia tena.

"Inachosha," alisema mwishowe. "Kila nikidhani nimefika, naona kuna kingine."

"Basi niitoe, mama."

"Iache. Hapa nimelala naangalia bati tu. Hii angalau ina mahali pa kwenda."

Nikaitundika ukutani mbele yake. Tangu hapo, asubuhi nikimpelekea uji, alinionyesha alipofika jana, akauliza rangi ile ya udongo ilitoka kwenye hesabu au niliichagua mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Mara nyingine nilimjibu kwa mkato, maana duka lilikuwa linaningoja. Yeye aliuliza tena kesho yake.

Mgongo ulipopata nafuu alirudi Kisaka, picha ameizungushia kanga. Dada yangu anasema ameitundika sebuleni, jirani na picha ya marehemu baba, na majirani wakiuliza anawaambia imechorwa na mwanawe.

Ameniomba nyingine, ya rangi ya maji. Sijaianza, bado nimechoka. Ila bluu nimeshaichagua.