Televisheni ya Kuze

Nyumba ya Bimdogo binti Gharib, katika mtaa wa Kuze, ilijulikana kwa sauti ya cherehani. Aliyepita ujia ule asubuhi aliisikia, na aliporudi alasiri aliikuta bado inasema. Bimdogo alishona mapazia ya vyumba vya maarusi, foronya za mito na vyandarua vya marinda, na ilikuwa nadra kupatikana harusi ya maana baina ya Kuze na Bondeni ambayo sindano yake haikuifikia. Alikuwa mjane, mnene kidogo, mwenye mwendo wa taratibu na kauli ya haraka. Marehemu mumewe alimwachia watoto wawili: Jamaldin, aliyekuwa karani wa reli Nairobi, na Mwanakhamis, ambaye katika mwaka ule wa 1969 alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bondeni.

Juu ya ushoni wake, Bimdogo alikiongoza chama cha wanawake wa Kuze. Vyama vya namna hiyo vilishindana kila penye harusi: kwa ngoma ya lelemama, kwa mavazi, na kwa michezo ya kuigiza ambayo wanawake walijichezea wenyewe, milango imefungwa na mwanamume hayumo. Chama kilichoshindwa kilitungiwa wimbo, na wimbo wa Mombasa haufi upesi. Palikuwa na bibi mmoja aliyeahidi kuleta kinanda harusini, kinanda kikakataa kulia. Wajukuu wake walikuwa wakiimbiwa habari hiyo hadi siku zile.

Mtunzi hodari wa nyimbo za namna hiyo alikuwa Tumu, kiongozi wa chama cha Bondeni. Tumu huyo ndiye aliyekuwa shangazi wa bwana arusi.

Katika mwezi wa Juni, Tumu aliozesha nyumbani kwake. Alikodi mashine ya senema, akatandaza shuka ukutani, na wanawake wakaona picha zikitembea. Kisha akawaomba wageni wa Kuze wasogee mbele, kwa kuwa, alisema, macho yao yamezoea kandili. Wenyeji walicheka sana. Bimdogo alingoja kicheko kiishe, akasimama, akatengeneza leso yake kichwani.

“Ahsante kwa senema, Bi Tumu,” alisema. “Siku ya Mwanakhamis, Inshallah, mtakuja Kuze mtazame televisheni. Mtamwona binadamu akitembea mwezini.”

Hakusema kwa kubahatisha. Jamaldin, alipokuja likizo, alikuwa amemweleza kwamba Wamarekani wamejiandaa kupeleka watu mwezini, na kwamba televisheni ya Nairobi itaonyesha mchezo wa kuigiza juu ya historia ya safari hizo, tangu binadamu alipoanza kuutazama mwezi hadi siku ya kuukanyaga. Mchezo huo ungeangukia wiki ya harusi. Jamaldin aliahidi kuleta televisheni. Kwa Bimdogo jambo hilo lilikuwa limekwisha: redio yake iliipata Nairobi, iliipata Zanzibar, na usiku mtulivu iliipata hata Kairo. Kwa nini televisheni ishindwe na safari ambayo gari-moshi huimaliza kwa usiku mmoja?

Mwezi wa Julai watu wakafika mwezini kweli. Kuze nzima ilizungumza habari hiyo, wengine wakiamini, wengine wakikataa, na kwenye baraza za misikiti wapo waliouliza kama si kufuru. Bimdogo alipoulizwa alijibu kwamba mwezi haukupungua hata chembe, na Ramadhani itaandama kama kawaida. Kisha akaendelea kushona.

Televisheni iliwasili kwa gari-moshi wiki ya harusi yenyewe. Kamaludin, ndugu mdogo wa Bimdogo, aliyekuwa seremala wa vitanda na makabati, alipanda darini akafunga waya za kunasia mawimbi. Wakaiwasha. Kioo kikajaa chembe nyeupe na nyeusi zinazorukaruka, mfano wa mchele unaopepetwa, na sauti yake ilikuwa ya mafuta yanayokaanga. Kamaludin aligeuza waya kuelekea kivukoni, akazigeuza kuelekea bandarini, akazishika kwa mkono wake mwenyewe. Mchele haukwisha.

Jibu lililetwa na Jael, mwalimu wa kike, kijana kutoka bara aliyepanga chumba cha juu katika nyumba ile. Aliuliza kwa watu wanaojua, akarudi na maneno mafupi. Redio na televisheni si mamoja. Mawimbi ya televisheni hayaendi mbali, na mtambo wa kuyafikisha pwani ulikuwa bado haujajengwa. Ungejengwa, lakini si wiki ile.

Bimdogo aliketi. Mwanakhamis alikuwa chumba cha ndani akisingwa mwili kwa liwa ya harusi, na kila mtu nyumbani alifahamu lililokuwa mizanini. Binti yule alikuwa anakwenda kuishi Bondeni, katika ukoo wa Tumu. Ahadi ya mama ikivunjika, wimbo ungetungwa, na Mwanakhamis angeusikia kisimani, jikoni, na katika kila harusi atakayohudhuria mpaka azeeke.

“Dada, tuseme imeharibika njiani,” Kamaludin alishauri. “Gari-moshi limeitikisa. Nani atajua?”

“Nikimdanganya Tumu, nimemtungia ubeti wa kwanza mwenyewe,” alijibu Bimdogo.

Aliinuka, akaizunguka televisheni ile polepole, akatazama mbele, akachungulia nyuma. Akamuuliza Jael, aliyekuwa amepata kuitazama televisheni huko Nairobi, watu wake wanaonekana vipi. Jael alieleza: wanaonekana ndani ya kioo, wana mwanga nyuma yao, na hawana rangi, kila kitu ni cheupe, cheusi au kijivu.

“Basi ni kabati lenye watu,” Bimdogo alisema. “Kamaludin, wewe kazi yako nini?”

Kamaludin alicheka, kisha akaona kwamba dada yake hacheki. Alikwenda kuchukua ubavu wa kabati lililokuwa halijakamilika karakanani kwake, akaleta na mbao za vitanda, na kazi ikaanza. Alitengeneza sanduku linaloenea upana wa ukumbi, lenye dirisha la pembe za mviringo kama za kioo cha televisheni, miguu ya kuinamia nje, na vifundo viwili vya kuwashia alivyovichonga kwa keezo, mashine yake ya kuchongea vitu vya mviringo, kila kimoja ukubwa wa sahani. Dirishani Bimdogo alitandaza chandarua chepesi, akakivuta mpaka kikawa hakina kunjo hata moja. Nyuma yake wakatundika taa za karabai. Mtu aliyesimama ndani alionekana kama yuko mbali, na ukungu wa kioo juu ya uso wake.

Suala la rangi halikumsumbua. Aliwakataza waigizaji wake leso zote za maua, akaagiza mabuibui na kanzu nyeupe za bafta. “Televisheni ya Nairobi imetuiga sisi,” aliwaambia. “Mji wa Kale umevaa nyeusi na nyeupe siku zote.” Nyuso zilipakwa unga wa mchele. Ardhi ya mwezi ilikuwa jivu lililochekechwa juu ya mkeka. Kofia za wasafiri zilikuwa kawa za kufunikia vyakula, zimepakwa chokaa na kukatwa tundu la uso. Moshi wa chombo kikiruka ungetoka katika vyetezo vilivyotiwa udi kwa wingi. Na Jael, baada ya shule, alisoma magazeti na vitabu, akamsimulia Bimdogo mambo yote kwa mpango, ili historia isikosewe.

Jambo lililowatatiza lilikuwa mwendo. Jael alieleza kwamba mwezini mwili huwa mwepesi, na mtu hawezi kutembea kama atembeavyo duniani. Wasichana walijaribu kurukaruka wakafanana na vyura. Bimdogo aliwatazama kwa subira, kisha akawaamrisha waache kuruka, wacheze lelemama, ila bila ngoma na kwa nusu ya kasi. Walipoanza, mabega yakielea na nyayo zikigusa jivu kana kwamba zinaliomba ruhusa, Jael alisema kwamba ndivyo hasa.

Siku ikafika. Baada ya alasiri, wanawake wa Bondeni waliingia kwa vifijo, Tumu akiwa mbele na udi ukifuka katika nguo zake. Madirisha ya ukumbi yalifungwa ili kiza kipatikane. Walisalimiana kwa urefu unaostahiki, wakaulizana hali za wazee na za watoto, na Tumu akaketi mahali alipotengewa, mbele kabisa, akitabasamu.

Bimdogo alianza kwa kuiwasha televisheni ya Jamaldin, iliyowekwa kwenye meza ndogo kando. Mchele ukarukaruka. Minong’ono ikazuka.

“Hii ni ya Nairobi,” alisema bila kupandisha sauti. “Mawimbi yake hayajafika Mombasa; niliahidi kabla ya kuuliza. Nawaomba radhi.” Akaizima. “Na hii ni ya Kuze. Hii imefika.”

Pazia likaondoka kwenye sanduku kubwa, Kamaludin akawa ameshatoka nje, na mchezo ukaanza.

Walionekana kwanza watu darini, wakiutafuta mwezi mwandamo na kubishana nani kauona. Akafuata mwanachuoni na bomba lake la kutazamia nyota. Kisha yule mbwa ambaye Warusi walimpeleka juu asirudi, na baada yake mtu wa kwanza kuizunguka dunia. Wakaonekana watatu waliofia motoni ndani ya chombo chao kikiwa bado ardhini, hapo karabai zilipunguzwa, na bibi mmoja wa Bondeni akasikika akisema “Masikini.” Hatimaye vyetezo vikafukizwa, sanduku likajaa moshi wa udi, na safari kubwa ikaondoka.

Watu walidhani Bimdogo atajipa nafasi ya kukanyaga mwezi, kwa kuwa ndiye mwenye chama. Hakufanya hivyo. Wasichana wawili walishuka jivuni kwa mwendo wao wa kuelea, na yeye akachukua sehemu ya yule wa tatu, aliyebaki peke yake chomboni akizunguka. Aliketi katika pembe ya kioo, kawa kichwani, akipotea na kutokeza. Sauti ya Jael, kutoka nyuma ya mlango, ilimwita kwa niaba ya dunia.

Ndipo Tumu aliposimama.

“Bimdogo,” alisema, “televisheni yako mbona yatoka jasho?”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kweli jasho lilikuwa limeuchora unga wa mchele usoni mwake. Wasichana wawili waliganda juu ya jivu. Wote walijua kwamba picha haijibu. Akijibu ameukubali udanganyifu wa sanduku lake, na akinyamaza kicheko kitamfuata binti yake hadi Bondeni. Bimdogo aliiweka kawa sawa, akainama kuelekea chandaruani.

“Naitwa kutoka duniani,” alisema. “Taja jina lako na mahali ulipo.”

Tumu alisita kidogo tu. “Tumu. Wa Bondeni.”

“Nakusikia, Bi Tumu. Huku niliko naiona Bondeni yote. Pilau yako yaungua.”

Safari hii waliocheka zaidi walikuwa wa Bondeni.

“Wenzako wameshuka,” Tumu aliendelea, naye sasa alikuwa ameuweka mkono kiunoni kama mtu aliyeko jukwaani. “Wewe wauzunguka mwezi mpaka lini? Waogopa kukanyaga?”

“Aendaye huenda kwa kuwa yuko aliyebaki,” Bimdogo alijibu. “Mimi nimelinda chombo. Nimewaleta wangu mpaka mlangoni. Kushuka ni kwao.”

Kicheko kilikatika. Wanawake wengi waligeuka kuutazama mlango wa chumba cha ndani, alikokuwa Mwanakhamis. Tumu alibaki amesimama.

“Na ile ya Nairobi,” aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, “mtu akiisemeza, hujibu?”

“Isemeze mpaka ukauke koo. Haina habari nawe.”

Tumu alitazama televisheni ndogo iliyozimwa, akalitazama sanduku la Kamaludin, akawatazama watu wake. Kisha akapiga kofi la kwanza, la pili, na akaimba, kama alivyozoea, papo kwa papo:

*Kuze wanalo sanduku, lasema na kusikia;*
*wametupa mwana huku, na sisi twamridhia.*

Wanawake wa Bondeni waliupokea wimbo mara moja, wa Kuze wakaujibu, na mchezo ukaendelea mpaka wasafiri wote watatu wakarudi duniani salama. Wimbo huo ndio Mwanakhamis alioingia nao Bondeni. Alipokwenda harusini aliusikia, na kila aliposikia alikaa wima zaidi.

Baada ya fungate, Tumu alituma mkokoteni kuliomba sanduku kwa ajili ya harusi nyingine, na pamoja nalo akamwomba Bimdogo aje awafundishe wanawake wa Bondeni mwendo wa mwezini. Kuomba kwa mshindani halikuwa jambo jepesi katika vyama vile. Bimdogo alilipeleka sanduku limepanguswa vizuri, na chandarua kipya juu yake. Kawa tu ndizo alizozibakisha, kwa kuwa zilikuwa zake za jikoni, na chokaa ilikwisha kutoka.

Mwaka uliofuata mtambo ulijengwa, na mchele ukaondoka katika kioo cha Jamaldin. Jioni alitokea msomaji wa habari, amevaa koti, akawaambia watazamaji hamjambo. Bimdogo, aliyekuwa mtu wa adabu, aliitikia kwamba hatujambo, akamuuliza habari za Nairobi. Alingoja kidogo. Kisha akarudi kwenye cherehani.