Fomu Iliyokuwa na Haraka

Tangu utotoni kwao walimwita Chapuchapu, na jina likamkaa. Aliyempa ni baba yake, fundi cherehani, siku binti huyo alipomnyang'anya gauni la shule kabla upindo haujaisha, akatoka nalo mbio, uzi ukimfuata nyuma. "Ngoja nimalize, mwanangu!" Wapi! Hata alipokuwa mtu mzima, mtengeneza tovuti anayetegemewa ofisini, bado alikuwa anawamalizia wenzake maneno mdomoni.

Kisha kiharusi kikampiga baba. Kikamnyang'anya ulimi na mkono wa kulia, kikamwachia akili timamu na kidole kimoja cha kushoto kinachotetemeka. Chapuchapu alilia mpaka akachoka, halafu akafanya analolijua. Alimtengenezea baba ukurasa kwenye tableti: fomu yenye kisanduku kimoja cha kuandika, basi. Kitufe cha kutuma hakukiweka, maana kidole cha baba kilikuwa kinakikosa. Badala yake aliandika msimbo mfupi wa JavaScript, maagizo ya kuiendesha fomu: baba akiacha kuandika kwa sekunde mbili, fomu ijitume yenyewe, simu ya Chapuchapu na ya mama zilie. Alijisifu sana kwa hilo, na simlaumu.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa "Mama". Mama aliacha sufuria jikoni akaja huku anafuta mikono, "Abee, mzee wangu!" Akampa maji. Baba akatikisa kichwa. Akamgeuzia mto. Akatikisa kichwa tena. Kesho yake, "Mama" tena, wakati mwingine "Ma" peke yake. Mama hakuchoka kuinuka: maji, mto, dirisha, redio. Baba akawa anafumba macho hata kabla hajafika. Siku moja aliisukuma tableti, akageukia ukutani, na hakuigusa tena.

Hapo Chapuchapu aliogopa kweli. Ulimi ulishaondoka, kidole nacho kikikata tamaa, baba atabaki humo ndani peke yake. Akaomba ruhusa kazini, akaketi na kompyuta yake karibu na kitanda. Kwanza aliushuku mtandao, kama mafundi wote wanapotaka kumsingizia asiye na mdomo. Mtandao ulikuwa mzima. Akakagua seva: kila kilichotumwa kilifika. Akajaribu mwenyewe, vidole vikicheza: "Shikamoo Baba habari za leo". Ikafika yote.

"Mashine haina kosa," alisema, amenuna.

"Basi kosa ni letu sisi wazee," mama alijibu kutoka jikoni, akicheka.

Neno hilo lilimchoma. Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, akamrudishia baba tableti.

"Baba, naomba mara moja tu. Safari hii nitanyamaza."

Baba alimtazama kwa muda, akainua kidole. M. Kikaitafuta A, kikatetemeka juu yake, kikatua. Chapuchapu alibana midomo asije akamsaidia. M tena. A tena. Kidole kikapumzika kidogo, kikaanza kuitafuta herufi inayofuata, na kabla hakijafika, fomu ikaondoka. Simu zikalia. "Nakuja!" mama akaitikia. Kisanduku kikabaki kitupu, na Chapuchapu akaona jinsi uso wa baba yake ulivyozimika.

Sekunde mbili. Alikuwa amezipima kwa vidole vyake mwenyewe. Machozi yalimtoka palepale.

"Nisamehe, Baba. Hata hapa nimekukatiza."

Aliifuta ile saa ya sekunde mbili kwenye msimbo. Mahali pake akaweka kitufe kimoja, kipana nusu ya kioo, ambacho hata kiganja kizima kisingekikosa, akakiandika: NIMEMALIZA. Halafu akangoja, na kwa mtu kama yeye kungoja ni kazi ya sulubu. Chai yake ilipoa. Baba akaandika, akapumzika, akafuta, akaandika. Mwishowe kiganja kikashuka.

Simu zikalia. Mama alikuwa tayari mlangoni, ameshika ukuta. "Abee, mzee wangu. Maji?"

Chapuchapu alisoma, kisha akaitazama miguu ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Ilikuwa imevimba, mikanda ya kandambili imezama kwenye nyama.

"Hakuiti, Mama," alisema. "Hebu soma."

Mama aliisogeza simu mbali kidogo na macho, akasoma polepole: "Mama yako miguu imevimba mpeleke hospitali mimi nitangoja."

Alikaa kitandani kwa uzito, akaushika mkono wa kushoto wa mumewe.

"Siku zote hizo," alisema. "Kila ukitaka kusema, mimi nainuka."

Chapuchapu alikuwa ameshapiga magoti akimtafutia mama viatu vipana chini ya kitanda. Baba alikitoa kidole chake taratibu kwenye mkono wa mkewe, akakielekeza mlangoni.